Kabla hujachora, jua maji yataenda wapi

Wadogo zangu mnaosomea usanifu majengo, na nyie mnaochora ramani mtaani, hivi Beda Amuli mnamjua? Ndo aliyechora soko la Kariakoo, lile kubwa. Alisoma Technion kule Haifa, Israel, akarudi Tanzania akafungua ofisi yake mwenyewe enzi ambazo Mwafrika kuwa na ofisi yake ya kazi hii Afrika Mashariki ilikuwa haijazoeleka kabisa.

Mimi nimekuja kumwelewa nikiwa nimeshaharibu. Nilimchorea mama mmoja nyumba huko Goba, hizi za kisasa zenye paa la kuficha nyuma ya ukuta, picha niliitoa mtandaoni, na kwa macho ilipendeza kweli. Masika ya kwanza tu akanipigia saa kumi alfajiri. Nafika nakuta jipsam ya sebuleni imevimba katikati kama tumbo, inadondosha, kaweka sufuria la pilau chini yake. Gata nililochora lilikuwa jembamba, majani ya mwembe wa jirani yameliziba, maji yamekosa njia yakaingia ndani. Na ule mwembe niliuona siku tunapima kiwanja, ila sikuuwaza.

Wiki hiyohiyo mvua ikanikuta Kariakoo nikajibanza sokoni, nikaangalia juu kama sijawahi kuingia mle. Lile paa ni miamvuli ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja juu ya nguzo yake, mvua inakusanyika katikati halafu inateremka na nguzo mpaka kwenye matangi chini, huku pembeni kuko wazi upepo unapita, na shimoni, ile sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi, nako watu wanauza kama kawa. Nilishika ile nguzo nikasimama hapo muda mrefu tu. Yule mzee alijiuliza maji yataenda wapi kabla hajachora chochote.

Kwahiyo ukipewa kiwanja usikimbilie kompyuta. Nenda saa nane mchana uone jua linapiga upande gani, nenda tena mvua ikinyesha hata kama utalowa, fuata maji kwa miguu yako uone yanatokea wapi na yanaishia wapi, na muulize jirani aliyekaa pale miaka kumi maana yeye anajua mpaka mwaka gani maji yalifika mlangoni. Mteja atakusumbua anataka ramani Ijumaa, mweleze kwa upole, na hizo siku za kuzunguka ziweke kwenye bei yako kwa sababu ni kazi, tena ndo kazi yenyewe.

Soko lilipoungua Julai 10, 2021 iliniuma sana, nilikaa na simu usiku ule naangalia video za moto najiuliza kama ile miamvuli itabaki. Nashukuru walilikarabati.

Yule mama wa Goba tulimbadilishia gata, tukaweka pana, maji sasa yanaingia kwenye simtanki. Juzi kaniambia nguo zake zote anafulia hayohayo.