Muulize Fundi Rangi: Makabati ya jikoni, tuyang'oe au tuyapake?

Barua nyingi za mwezi huu ni za jikoni. Sishangai. Minada ya korosho inakaribia, na huku kwetu Mtwara na Lindi ndiyo miezi ambayo kila nyumba inaorodhesha inachotaka kutengeneza. Nimechagua nne.

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Shangani, Mtwara mjini. Makabati yangu ya jikoni ni ya chipibodi yenye ngozi ya plastiki nyeupe. Karibu na jiko yamegeuka njano, na milango miwili chini ya sinki imevimba. Mume wangu anasema tusubiri hela ya korosho tuagize mapya Dar es Salaam. Mimi nimeona watu wanapaka rangi na jiko linapendeza. Tumebishana hadi tumechoka, tumekubaliana tukuulize wewe. *Mama wa watoto watatu, Shangani*

JIBU: Marahaba mama. Mwambie baba watoto kwamba kwenye milango ile miwili yuko sahihi, kwenye mingine yote wewe ndiye uko sahihi.

Chipibodi ni vipande vya mbao vilivyoshikwa na gundi. Ikishanywa maji ikavimba, vipande vimeachana, na hakuna rangi wala puti itakayoirudisha. Chukua bisibisi ubonyeze kona ya chini ya kila mlango, kisha ubonyeze na sakafu ya kabati lenyewe chini ya sinki. Panapozama, hapo ni pa seremala. Atakukatia milango miwili ya MDF au plaiwudi kwa vipimo vilevile, na sakafu ya kabati kama nayo imekwenda. Ila kwanza fundi bomba azibe panapovuja. Nimeona watu wanabadilisha mlango na bomba linaendelea kudondosha juu ya mlango mpya.

Sasa kuhusu kung'oa. Tazama meza ya jiko lako. Kwa nyumba nyingi za hapa mjini ni zege lililofunikwa marumaru, na makabati yamechomekwa chini yake na kubanwa ukutani. Ukiyang'oa, marumaru za ukingoni zinapasuka, plasta inabanduka, na mapya yakifika yana vipimo vya dukani, si vya nafasi uliyonayo. Kwa hiyo bei uliyotajiwa Dar ni ya makabati tu. Ongeza lori la zaidi ya kilomita 500, ongeza fundi marumaru, ongeza seremala wa kuyalazimisha yaingie. Wakati huo masanduku ya makabati uliyoyatupa yalikuwa mazima, kilichochakaa ni sura ya milango.

Kupaka kunaweza kukudumia miaka mingi, kwa sharti moja: kazi ya kabla ya rangi ifanyike yote. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokimbia, maana ni kazi isiyoonekana na mwenye nyumba hayupo kuiangalia. Kwa hiyo iangalie wewe.

Chukua kitambaa cheupe, kiloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, ufute juu kabisa ya mlango ulio karibu na jiko, pale mkono usipofika. Kile cha kahawia kitakachotoka ni mafuta ya samaki na moshi wa miaka yote mliyokaa humo. Rangi haishiki juu yake. Milango ioshwe kwa maji ya moto na sabuni kali ya kukata mafuta, isuuzwe kwa maji safi, ikauke. Kisha nyunyizia maji kidogo: yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo, rudia. Na ni muhimu kuosha kabla ya msasa. Fundi anayeanza na msasa anayasaga mafuta yaleyale ndani ya mikwaruzo, na hapo hayatoki tena.

Ngozi ya plastiki ni suala lake. Ikiwa imeshika vizuri, inakwaruzwa kwa msasa namba 220 mpaka mng'ao wote uondoke, halafu inapigwa praima maalumu ya sehemu laini, ile inayoshika kwenye plastiki na vioo. Praima ya kawaida ya mbao itabanduka ukucha ukigusa. Ikiwa ngozi imeanza kuachia pembeni, ivuliwe yote kwa hewa ya moto, ipakwe mbao iliyo chini. Usikubali fundi aigandishe kwa gundi pembeni na kupaka juu yake. Kwa joto la Shangani itaachia tena kabla hamjaizoea rangi mpya.

Milango ifunguliwe yote, ikapigwe rangi kwa kompresa mahali penye paa na pasipo vumbi. Fundi anayepaka milango ikiwa imening'inia kabatini, bawaba zikiwa humohumo, mshukuru kwa muda wake umwache aende. Kila mlango uwe na namba. Kuna tundu la duara nyuma ya mlango linapokaa kikombe cha bawaba, lina upana wa milimita 35. Namba iandikwe ndani ya tundu hilo, ifunikwe na kipande cha tepu ya karatasi. Rangi haifiki hapo, na siku ya kurudisha kila mlango unajua kwao. Bawaba zenyewe, kwa chumvi ya bahari iliyopo hapo ulipo, ukiona zina kutu nunua mpya zisizoshika kutu. Ukirudisha za zamani, maji ya kutu yatachora mstari juu ya rangi nyeupe.

Usidanganywe na kiasi cha rangi. Mlango wa sentimita 40 kwa 70 ukipakwa pande zote mbili ni kama mita 0.56 za mraba. Milango 14 haifiki mita 8. Lita moja ya rangi nzuri hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Mikono miwili, weka na fremu, weka na inayopotea hewani kwenye kupuliza: galoni ya lita 4 inatosha. Anayekuandikia ndoo ya lita 20 ana nyumba nyingine anaijenga.

Mwisho, subira. Rangi inakauka mkononi siku ileile lakini haijakomaa. Wiki tatu hadi nne za mwanzo futa kwa kitambaa laini chenye maji tu, usiegemeze sufuria, usitumie dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na waambie watoto wasibamize milango. Na usichague rangi nyeupe ya mafuta ile ya madirisha. Ndani ya kabati, pasipofika mwanga, inageuka njano yenyewe, na utanilaumu mimi.

SWALI: Kaka fundi, nina rangi ya maji iliyobaki nilipopaka sebule. Naweza kuitumia kwenye makabati? *Msomaji wa Rahaleo, Mtwara*

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Ile ni ya ukuta, na ukuta haushikwi na mikono yenye mafuta kila siku. Ipake chooni.

SWALI: Fundi, habari za huko pwani. Nimerithi nyumba ya marehemu baba hapa Newala. Makabati ni ya mninga mtupu, mazito, yameingia weusi wa moshi wa mkaa. Binti yangu anataka tuyapake nyeupe kama anavyoona kwenye simu. Wewe ungefanyaje? *Mwalimu mstaafu, Newala*

JIBU: Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, na binti anisamehe: msiyapake.

Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, kushusha mzigo huku kulikuwa ni kusubiri pantoni Ndundu na kuomba mvua isinyeshe. Ndiyo maana nyumba nyingi za rika la marehemu zina makabati ya seremala wa hapahapa, ya mninga. Chipibodi imetufuata na lami. Mninga wa namna hiyo, uliokauka miaka yote hiyo bila kupinda, siku hizi ukiutafuta kwa mfanyabiashara wa mbao utaijua bei yake.

Huo weusi uko juu tu. Osha mafuta kwanza, kisha msasa namba 120 kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, kamwe usikate nyuzi, halafu 180, umalizie na 220. Utauona wekundu wake unarudi mbele ya macho. Futa vumbi kwa kitambaa chenye tina kidogo, ile ya kuzimulia rangi, piga vanishi ya poliyurethani mikono mitatu myembamba, katikati ya mkono na mkono ukipitisha msasa laini. Ikiwa yaliwahi kupakwa rangi ya mafuta zamani, msasa upite ukiwa na maji na watoto wakae mbali, maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu.

Kama binti atashinda, na mabinti hushinda, basi msipake nyeupe moja kwa moja. Mninga una rangi yake ndani ya mbao, na rangi ya maji inaivuta nje. Baada ya muda mtaona madoa ya kahawia yamechomoza, mtapaka tena, yatachomoza tena. Kinachoyazuia ni praima ya shelaki, mikono miwili, ndipo nyeupe ifuate. Lakini mwalimu, mpe binti milango ya juu apake atakavyo, ya chini ibaki mninga. Nimeona jiko la namna hiyo Masasi, na nilipenda kuliko nilivyotarajia.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana fundi, niko Lindi, Mtanda. Napiga laka ya selulosi kwa kompresa. Siku nyingine inatoka safi, siku nyingine inageuka ukungu mweupe mbele ya macho yangu. Muuzaji anasema tina ni mbaya, nimebadilisha na bado. Halafu wateja hawataki kulipia kuosha na msasa, wanasema nawaibia. *Fundi kijana, Lindi*

JIBU: Marahaba kijana wangu. Tina yako huenda haina kosa. Kosa ni hewa ya Lindi.

Laka ya selulosi inakauka kwa tina kuruka haraka. Tina ikiruka inapoza uso wa mlango, na hewa yenye unyevu ikigusa pale penye ubaridi inaacha maji. Maji hayo yakinaswa ndani ya laka ndiyo huo ukungu. Jiulize siku zinazoharibika ni zipi: utakuta ni jioni, au ni kati ya Desemba na Aprili mvua zikiwa zimeshika. Piga kuanzia saa tatu asubuhi umande ukishakauka, na saa kumi jioni uwe umefunga kazi. Mkono uwe mwembamba. Tumia tina inayokauka polepole. Mlango ulioshika ukungu usiukwangue kwanza: puliza tina hiyohiyo ya polepole, kidogo sana, juu yake. Laka inalainika, maji yanatoka, mara nyingi inarudi safi.

Na kompresa yako, lini umefungua koki iliyo chini ya tangi? Hewa ya pwani ikibanwa inatema maji. Fungua kila asubuhi kabla ya kazi na mchana tena, halafu weka kichujio cha maji kwenye mpira wa hewa kabla haujafika kwenye bunduki ya kupulizia. Vile vishimo vidogo kama macho ya samaki unavyoviona juu ya kazi vinaweza kutoka humo.

Siku ukihamia rangi za hadina, zile zinazochanganywa na dawa ya kuzigandisha, usitumie barakoa ya kitambaa. Inazuia vumbi, mvuke haizuii, na hadina ina kemikali inayoweza kukuachia pumu ya maisha. Nunua ile ya vichujio viwili vya mkaa, ubadilishe vichujio kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, usisubiri harufu, maana sumu ya hadina inaweza kupita bila wewe kuinusa. Wala usipulizie jikoni kwa mteja huku mtungi wa gesi upo na mkaa unawaka uani. Mvuke wa tina unatambaa chini na unashika moto.

Kuhusu wateja: usiwaandikie bei moja ya jumla. Andika kuosha na msasa peke yake, praima peke yake, rangi peke yake. Akitaka kupunguza, mwambie apunguze rangi, apake mkono mmoja, ataongeza mwakani. Kuosha hakupunguzwi. Akikataa, chukua mlango wake mmoja, nusu uioshe na kuipiga msasa, nusu uiache kama ilivyo, upake yote. Ukikauka, chora miraba kwa wembe pande zote mbili, bandika tepu, mpe yeye aivute.