Nimestaafu, Sasa Nafaa kwa Lipi?

SWALI: Nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka 31, nikastaafu mwaka jana nilipotimiza miaka 60. Mwanangu na mkamwana wangu wananitunza vizuri, lakini kila nikishika ndoo au jembe naambiwa, "Pumzika, baba." Asubuhi rimu ya gari inapogongwa pale shuleni, najikuta nimeshasimama, kisha naketi tena. Je, mtu asiyengojwa na yeyote ana faida gani?
Mwalimu mstaafu, Muheza

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Miaka 60 ni kikomo cha utumishi kwa mujibu wa sheria, wala si kipimo cha uwezo wa mtu. Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 alikuwa na miaka 63. Alirudi Butiama kulima, na miaka yake ya mwisho aliitumia kusuluhisha Warundi katika mazungumzo ya Arusha. Sikutajii hayo ili utafute jambo kubwa, maana kinachokuumiza umekitaja mwenyewe: hakuna anayekungoja.

Lugha yetu ina kufaa, na ina kufaana. Kwa miaka 31 ulizoea kufaa, wewe ukitoa na watoto wakipokea. Sasa mkamwana wako naye anataka kutoa, na heshima yake, ingawa ni ya nia njema kabisa, imekufungia mlango. Usinung'unike pembeni, mweleze waziwazi kwamba kunyimwa ndoo kunakuchosha kuliko ndoo yenyewe, kisha mkubaliane kazi moja ambayo usipoifanya wewe, siku hiyo italala. Sharti hilo nalisisitiza, kwa sababu kazi ya kukubembeleza utaitambua siku ya pili tu.

Tena mikononi mwako umebaki ufundi adimu: kumketisha mtoto anayechanganya "b" na "d", ukashika kidole chake na kukipitisha mchangani, mara kumi, mara ishirini, hadi mkono uizoee herufi kabla ya jicho. Mzazi anayerudi jioni amechoka hana subira hiyo, hata awe na shahada. Anza na mtoto mmoja wa jirani, saa kumi alasiri, hapo hapo barazani kwako, na usimkose hata siku moja. Mama yake akikuletea machungwa mawili au fungu la mchicha, Mwalimu, nakuomba uyapokee.