Ubaguzi wa Waaborijini: sio tabia za watu wachache tu, ilikua amri kabisa

Mkuu umeuliza kama Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, walibaguliwa kisheria au ni tabia za wazungu wachache tu. Vyote viwili. Mfano mji wa Moree, New South Wales, halmashauri yenyewe ilipitisha amri Mwaborijini asiogelee kwenye bwawa la mji, yaani bwawa la umma, na joto la kule kiangazi ni kali mno alafu mtoto anaishia kuchungulia wenzake kwenye fensi.

Februari 1965 Charles Perkins, Mwaborijini aliekua anasoma chuo kikuu cha Sydney, akaja na wenzake kwa basi, wakachukua watoto wa Kiaborijini wakaenda nao mpaka getini kwa bwawa wakagoma kuondoka, umati ukawarushia mayai na nyanya lakini hawakubanduka mpaka meya akakubali amri ifutwe. Na huko Walgett, safari hiyohiyo, waliandamana mbele ya klabu ya wanajeshi wastaafu iliyokua inawanyima uanachama Waaborijini waliopigana vitani. Hilo ndo linaniuma kuliko yote, mtu kaenda kuipigania nchi alafu karudi anazuiliwa mlangoni!

Pia kuna aliesema haki ya kupiga kura walipewa 1967, hapana, haki ya kupiga kura kuchagua bunge la taifa waliipata wote 1962. Ile ya 1967 ilikua kura ya maoni, zaidi ya asilimia 90 wakakubali katiba ibadilishwe ili nao wahesabiwe kwenye sensa kama raia wengine. Fikiria, 1967!