Maswali ya Wakimbiaji: Kundi na Matope ya Masika

SWALI: Mhariri, tuko tisa, tunakimbia kila Jumamosi kwenye vijia vya migombani. Masika yakiingia, nusu yetu wanahamia lami, eti matope yanaharibu mazoezi. Wana haki? – Msomaji, Marangu

JIBU: Kwa saa ya mkononi wana haki, kwani utelezi unakula dakika. Lakini utamu wa kundi uko hapohapo kwenye tope. Kwenye lami wepesi huchomoka, wazito wakabaki nyuma kila mtu peke yake. Kwenye tope mwenye mbio hana pa kuzimalizia. Anafupisha hatua kama wenzake, anampa mwingine mkono kuvuka mfereji, anapiga kelele "mzizi!" ili wa nyuma wasikie. Hapo tisa wanakimbia pamoja kwelikweli.

Pangeni kwa muda badala ya kilomita: dakika 60, kwa kasi ambayo mtu anaweza kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi. Anayejua njia atangulie, mzoefu afunge mkia. Achianeni mita 2 au 3, na kwenye mteremko mita 5, anayeteleza asije akamkumba wa mbele. Simameni kila njia panda. Kosa kubwa la makundi liko hapa: wa mwisho akifika tu, wengine wanaondoka. Wao wamepumzika, yeye hajapata hata sekunde. Mpeni dakika nzima apumue, la sivyo Jumamosi ijayo hamtamwona.

Mkikuta dimbwi, piteni katikati. Kingo zimeinama na ndizo zinazoangusha watu. Tena kila anayekwepa anapanua njia kuingia shambani mwa mtu. Ila maji yakiwa yanakwenda kwa nguvu na chini hapaonekani, rudini.

SWALI: Nateleza kila mteremko. Tatizo ni raba au ni mimi? – Msomaji, Lushoto

JIBU: Anza na raba: igeuze uone soli. Raba za lami zina soli bapa, na vijifereji vyake vikishajaa, unakanyaga tope kwa tope. Tafuta meno ya milimita 5 hadi 8 yaliyoachana, ili tope lidondoke lenyewe. Meno yaliyosongamana hulikamata.

Kisha mwili. Mwoga wa mteremko huegemea nyuma, uzito ukahamia kisiginoni, nacho kisigino kikachomoka. Inama mbele kidogo, legeza magoti, piga hatua fupi za harakaharaka, mguu utue chini ya nyonga. Mikono ipanue. Macho yawe mita 3 au 4 mbele. Mzizi uliolowa usiukanyage kamwe, uruke.

Tope likikuvua kiatu, tumia tundu la juu kabisa: kwa kila upande, ingiza kamba ibaki kitanzi kidogo, vusha ncha yake kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta, funga fundo mara mbili. Kisigino hakitapanda tena.

SWALI: Kwetu udongo mweusi unaganda hadi kiatu kinakuwa tofali. Dawa? – Msomaji, Kitengela

JIBU: Hakuna soli inayoushinda. Ni mfinyanzi unaovimba ukilowa, na hunata zaidi unapoanza kukauka kuliko ukiwa umelowa chepechepe. Siku hizo fuateni nyasi au murram (barabara ya changarawe), au nendeni msitu wa Karura, Nairobi: udongo mwekundu wa kule unateleza, lakini hauvuti kiatu namna hiyo.

SWALI: Raba zangu zinaachia gundi baada ya kila mvua. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Bila shaka unazianika juani au karibu na jiko, joto ndilo linalolegeza gundi. Toa kamba na soli ya ndani, sugua kwa brashi na maji baridi, jaza magazeti, yabadilishe baada ya saa moja, kisha weka kivulini penye upepo. Soksi za pamba ziache nyumbani, hushika maji na kuleta malengelenge. Mchubuko wowote uoshe kwa maji safi na sabuni siku hiyohiyo, na kama chanjo yako ya pepopunda ni ya zamani, pita zahanati.