Laki na nusu yako, mwanangu

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Baba yako kaenda kuangalia mikarafuu, nyumba imetulia, ndiyo nimepata nafasi ya kukujibu. Umenieleza kuwa mwenzako wa kazini kahamia bara na kakuachia amplifaya na spika mbili, nawe una laki na nusu ya kununulia kitu cha kupigia. Unauliza uchukue lile gramafoni lenye tarumbeta ya shaba uliloliona Mji Mkongwe, au deki ya Kijapani kwa yule muuza mitumba, au utumie simu tu.

Gramafoni liache pale pale. Halina waya wa kuliunganisha na amplifaya. Sauti inatoka kwenye sindano, inapita kwenye tarumbeta, basi. Linataka santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile alizokwenda kurekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, na sindano zake za chuma desturi ilikuwa kubadilishwa kila ukimalizika upande mmoja. Wewe santuri huna hata moja. Utakuwa umenunua pambo la ukumbini, na la kufuta vumbi kila siku.

Kabla ya mashine, mwanangu, hesabu kwanza ulichonacho cha kusikiliza. Una CD ulizokusanya tangu ulipokuwa skuli, nyingi za kuchomwa, yaani zilizonakiliwa kwa kompyuta. Una nyimbo kwenye simu. Na huku kabatini ziko kaseti za bibi yako. Basi unachotafuta ni kitu cha kusoma CD, waya wa simu, na baadaye, pesa ikiruhusu, deki ya kaseti.

Sasa hiyo ya Kijapani. Tulipohamia nyumba hii nilinunua deki moja nyeusi, nzito, vitufe vyake vikibonyea kwa raha kama vya kinanda. Nikaichomeka ukutani. Haikumaliza wimbo mmoja. Ilitoa moshi, na harufu yake ikakaa kwenye mapazia mpaka Idi. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Muuzaji hakunidanganya, maana sikumuuliza, na yeye hakuona haja ya kusema. Kwa hiyo ukishika chombo chochote, kigeuze kwanza usome kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 100–240 chomeka bila wasiwasi. Kikiandikwa 100 au 120 peke yake, tia bei ya transfoma la kushusha umeme kwenye hesabu yako kabla hujaanza kupatana.

Na transfoma halitibu kila kitu. Mashine nyingi za zamani za santuri, zile zinazozungushwa na mkanda, mota yake inafuata mapigo ya umeme. Marekani ni 60 kwa sekunde, hapa ni 50. Transfoma linashusha volti, mapigo linayaacha vile vile, kwa hiyo sahani ya mizunguko 33 na kitu inazunguka chini ya 28, na mwimbaji mwanamke anakuimbia kwa sauti ya kiume. Hilo liweke akilini kwa siku utakayopata santuri.

Shauri langu usilicheke: tafuta deki ya DVD iliyotumika. Watu wamehamia kwenye ving'amuzi na simu, deki zao zimelala chini ya meza zikikusanya nywele za paka, na mwenyewe anakushukuru ukimpunguzia mzigo. Karibu zote zinasoma CD, na nyuma zina matundu mekundu na meupe ya kupeleka sauti kwenye amplifaya. Kasoro yake ni kuwa nyingi hazikuonyeshi namba ya wimbo bila ya televisheni, na bila rimoti utahangaika. Rimoti hakuna, punguza bei au ondoka. Vijana watakwambia PlayStation ya mwanzo kabisa, yenye matundu hayo nyuma, inashinda deki za mamilioni. Inapiga vizuri, lakini sifa hizo zimezidi chumvi.

Usilipe hata senti kabla hujaijaribu kwa CD zako mwenyewe. Chukua tatu: moja safi ya dukani, moja yenye mikwaruzo, na moja ya kuchomwa. Ya kuchomwa ndiyo muhimu kwako, kwa sababu inarudisha mwanga hafifu kuliko ya kiwandani, na deki iliyochoka, au ya miaka ya mwanzo baada ya CD kutoka mwaka 1982, huikataa. Kisha usisikilize wimbo wa kwanza ukaridhika. CD husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ugonjwa mara nyingi hujitokeza huko mwisho. Ruka kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, urudi, uruke tena. Fungua na funga droo mara tano. Ikisitasita, huenda ni kijimkanda cha mpira kimelegea, na hicho fundi anakibadilisha kwa pesa kidogo. Iache ipige nusu saa ipate joto. Sikiliza spika ya kulia peke yake, halafu ya kushoto.

Mwenye duka akikwambia umeme umekatika leo, rudi kesho.

Ikirukaruka, si lazima iwe imekufa. Lenzi huchafuka, na huku kwetu bahari haiko mbali na kitu chochote. Pamba ya kijiti na spiriti safi ya duka la dawa, kwa mkono mwepesi, huku waya umechomolewa. Spiriti nimesema, kuna jirani yangu alitumia marashi. Chungulia na ndani kwa tochi kupitia matundu ya hewa, maana mjusi kafiri anapenda joto la vyombo hivi na akigusa pasipo mahali pake anakufa yeye na deki. Matundu ya nyuma yakiwa na kutu ya kijani, tia waya uutikise: sauti ikikatika, hiyo si yako.

Simu nayo inafaa, lakini iunganishe kwa waya. Kama haina tundu la spika za masikioni, kuna kijiwaya kifupi cha kuchomeka kwenye tundu la chaji. Ndani yake mna chipu inayogeuza namba kuwa sauti, na hata vya bei ndogo vipo vizuri. Tatizo la simu yako liko kwenye nyimbo zenyewe. Ulijaziwa kwenye kibanda, na vibandani huzibana ziingie nyingi. Sekunde moja ya CD ina kilobiti 1,411. Nyimbo iliyobanwa hadi 128 imebaki na sehemu moja kati ya kumi na moja. Udi na fidla hapo hufifia, na hakuna mashine ya bei yoyote itakayovirudisha. Chukua CD zako, uziingize upya kwenye kompyuta bila kubana.

Kaseti nimeziacha mwisho kwa sababu ndizo zinazonitia hofu. Deki ya kaseti iliyokaa miaka bila kutumika, mikanda yake ya mpira ya ndani huyeyuka ikawa kama ulimbo, na kile kijigurudumu cha mpira kinachovuta utepe hugeuka kigumu kikaanza kutafuna. Ukiipata, mpe fundi aisafishe kichwa, kile kipande kinachosoma utepe, abadilishe mikanda, na azungushe kidogo kidogo ile skrubu ndogo ya pembeni ya kichwa mpaka sauti iache kuwa kama inatoka nyuma ya blanketi. Halafu ijaribu kwa kaseti ya kununua ambayo hata ikiliwa hulii.

Za bibi yako nimezitazama moja moja kwenye mwanga. Mbili zina ukungu mweupe ukingoni mwa utepe. Hizo hazipigwi popote mpaka zisafishwe. Zilizobaki nimezivunja vile vijino viwili vya juu ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Moja ni ya harusi ya khaloo yako, na katikati ya ngoma bibi anasikika akigombana na mpishi kuhusu chumvi ya pilau.

Deki yako ikishapiga kaseti ya kununua pande zote mbili bila kutafuna, nipigie simu uniwekee niisikie. Hapo ndipo nitamkabidhi mjomba wako azilete kwa boti. Kabla ya hapo ufunguo wa kabati ninao mimi.

Wasalaam,
Mama yako