Faili la OneDrive bila intaneti
Je, faili likionekana kwenye folda ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ndiyo kusema litafunguka bila intaneti? Hapana, kuonekana hapo hakumaanishi limo ndani ya kompyuta. Angalia alama iliyo kando ya jina lake. Wingu la buluu: liko mtandaoni tu, bila intaneti halifunguki. Duara jeupe lenye tiki ya kijani: limeshashuka kwa kuwa uliwahi kulifungua, ila Windows inaweza kulirudisha mtandaoni nafasi ikibana. La uhakika ni duara lililojaa kijani. Bofya kulia folda nzima, chagua ibaki kwenye kifaa daima, na usizime mashine kabla alama hazijabadilika. Nahudumia kompyuta za ofisi, na wengi hukwama hapo hapo, wameshafika kijijini bila mtandao.

Kuna pia hoja kwamba ukibadilisha kidogo tu faili kubwa, linapanda mtandaoni lote upya; hiyo ilikuwa kweli zamani. Tangu 2020 zinapanda sehemu zilizobadilika tu, kwa mafaili ya aina zote. Kabla ya hapo ilikuwa hivyo kwa mafaili ya Office pekee. Ila mkihariri faili moja watu wawili bila mtandao, mnaweza kukuta nakala mbili, moja ikiwa na jina la kompyuta mwishoni. Linganisheni kabla ya kufuta.