Swali: "Jam tau daam tong" maana yake nini na naitumiaje?

Msomaji anayefuata mzigo Guangzhou anauliza: jamaa wanaomuuzia walimsifia bosi wao kwa maneno "jam tau daam tong", na yeye anataka kuyasema kwenye hafla ya huyo bosi, asije akaharibu.

Kaka, hongera kwa kusikiliza vizuri. Hicho ni Kikantoni, lugha ya huko Guangzhou, na maana yake ya juu juu ni kunywa funda la kwanza la supu. Supu kwao inachemshwa masaa na inanywewa kabla ya chakula, basi anayewahi funda la kwanza ndo kawahi utamu, yani kaingia kwenye fursa wengine bado wanatazamana.

Ila angalia hapa, peke yake huo msemo unaweza kumaanisha tu jamaa kawahi soko. Ukitaka kusifia ujasiri ongeza "gau daam", ana moyo wa kuthubutu: "Keoi gau daam jam tau daam tong", yani yeye kathubutu kunywa funda la kwanza. Sasa hizo daam mbili hazifanani hata kidogo, ya kwanza sauti inapanda (daam2, namba inaonyesha sauti), ya pili iko chini na imenyooka (daam6), ukizichanganya watu watabaki wanakukodolea macho, kwa hiyo mwombe mwenyeji akurekodie voisi uifanyie mazoezi.

Mfano mzuri wa kuwahi hivyo ni mji wa Shenzhen, kusini mwa China, tarehe 1 Desemba 1987 viongozi wake walipiga mnada hadharani haki ya kutumia kiwanja cha mita za mraba 8,588, kikaenda kwa yuan milioni 5.25, wakati katiba ya China bado inakataza kuuza au kukodisha ardhi! Katiba yenyewe ilirekebishwa Aprili 1988. Hapo viongozi ndo walikunywa funda la kwanza kwelikweli.

Kama bosi wako sifa yake siyo kuwahi bali ni kubeba kampuni nzima mabegani hali ikiwa ngumu, mi nakushauri uache supu useme "daam daai kei", kubeba bendera kubwa, na daam hiyo ni ya tatu, sauti ya juu (daam1). Usijisemee mwenyewe lakini, inasikika majivuno.

Na ukisikia mtu anasema "sik" badala ya "jam" usishtuke, maana ni ileile.